Mstari wa Saba kwenye Kitambaa

Nyamirambo, Kigali
8 Juni 2025

Ihirwe, mtoto wa mtoto wangu,

Mungu akufunike huko uliko. Huku tunapumua. Goti langu la kushoto bado ni adui, na la kulia limeanza kumwiga mwenzake. Daphrose jirani yetu wamemchagua tena kuwa mkuu wa umudugudu, mtaa wetu huu, sasa anatembea kama amemeza mwiko, lakini mboga za dodo bado ananiletea. Nimemaliza kudarizi mashuka ya harusi ya binti wa fundi cherehani: majina mawili na njiwa wawili. Njiwa mmoja katoka mnene kuliko mwenzake. Nimewaambia huyo ndiye bwana harusi.

Wewe unakula? Usinijibu "ndiyo Bibi". Niambie unakula nini.

Sasa nikuulize. Hii habari ya kukataa simu umeitoa wapi? Umebadilisha namba, namba mpya hunipi, eti tuandikiane kwa karatasi na barua ipite kwa basi. Mimi niliyepata herufi nikiwa na miaka sitini na mbili, kwenye darasa la kanisani! Haya, naandika. Kalamu inatetemeka, usicheke.

Kompyuta uliyoniachia mezani inaumwa. Zamani kwenye kioo chake kulikuwa na picha tano tu, nami naijua ile ya nyimbo za kwaya na ile ya kuona uso wako. Siku hizi imeota vitu kama uyoga. Kuna karata, kuna mawingu, kuna mwanamke anayeuza viatu, ukimfunga anarudi na dada yake. Iko inapiga kelele kama mgonjwa wa kifua. Jumanne nikachoka, nikaichomoa kwenye umeme, nikaitupia shuka.

Lakini una mchumba, mtoto! Jumanne ile ile, kabla chai yangu haijapoa, Arnaud huyo mlangoni, kutoka Kagugu kote huko. "Bibi, kompyuta imezimika? Ngoja niiangalie." Akaichomeka, akanisihi nisiizime tena nisije nikaiua. Akauliza habari zako. Nikamwambia uko Tanzania kazini, zaidi ya hapo mimi nchi za watu sizijui.

Ng'ombe wake wa mahari tulimpokea mbele ya wazee, na wewe umeondoka tangu Januari bila hata salamu kwake. Mtu anayekuja kabla hajaitwa, wa namna hiyo wako wangapi? Mwandikie.

Ni mimi, bibi yako,
Gahongayire


Mwanza
19 Juni 2025

Shikamoo Bibi,

Kabla hujasoma zaidi, toka kwenye chumba cha kompyuta. Nenda jikoni, ufunge mlango. Nitakungoja.

Nakula wali na dagaa, na jioni ndizi. Maabara ya zahanati wamenipa meza yangu mwenyewe karibu na dirisha. Goti lipake yale mafuta ya kijani, si siagi.

Bibi, nani alimwambia Arnaud kwamba kompyuta imezimika? Mimi sikumwambia. Wewe hukumpigia. Ulikuwa peke yako na shuka lako. Fikiria polepole.

Ndani ya hiyo kompyuta kuna programu yake. Kwa hiyo anaona kila kitu kilicho kwenye kioo, na kwa lile jicho dogo la juu anakuona na wewe. Barua pepe zangu bado zimefunguka humo, sikuzifunga, niliondoka kwa haraka. Kila nikibadilisha neno la siri, taarifa inaingia hapo kwanza, naye anaisoma. Akiendelea hivyo atajua ninapokaa. Hapaswi kujua ninapokaa. Usiniulize kwa nini.

Usiizime, ukizima atakuja. Jicho usilifunike, atajua tumejua. Usimwambie mtu, hata Daphrose. Arnaud amewatengenezea simu mtaa mzima, wanampenda. Wataenda kumwita yeye yeye aje akusaidie.

Nahitaji majina ya programu zote zilizomo, ili nikuambie ipi uondoe. Chini kwenye kioo bonyeza alama ya dirisha. Kisha gurudumu lenye meno. Kisha upande wa kushoto, neno nililokuchorea nyuma ya karatasi hii. Itatokea orodha ndefu. Usibonyeze chochote humo. Nakili tu majina, herufi kwa herufi.

Wako,
Ihirwe


Nyamirambo
2 Julai 2025

Ihirwe,

Salamu za jikoni, maana sasa ninaishi jikoni kama paka. Binti wa fundi kaolewa vizuri. Bwana harusi kweli mnene.

Barua yako niliisoma nikaketi juu ya gunia la mkaa, sikusimama mpaka jua likahama. Nimefikiria polepole kama ulivyosema. Hakuna aliyemwambia. Hakuna, mtoto wangu. Tangu siku hiyo nabadilisha nguo bafuni.

Kazi yako nimeifanya. Lakini wewe na elimu yako yote hukuona jambo moja. Nikiketi mbele ya lile jicho na karatasi na kalamu, si ataona ninanakili? Kibibi kama mimi anaandika nini? Kwa hiyo nilikaa na kitambaa changu na sindano, kama ninavyokaa kila siku. Nilifungua orodha, nikaweka nyimbo za kwaya zilie, nikadarizi. Kalamu inanitetemekea, sindano haithubutu. Miaka arobaini nimedarizi majina ya watu bila kujua yanasomwaje na hakuna aliyewahi kuniambia nimekosea jina lake. Kizungu hicho sikijui, lakini umbo la kila herufi nimelitoa kama lilivyo, hata nukta.

Imenichukua asubuhi tatu. Kitambaa kiko ndani ya kifurushi hiki, chini ya unga. Mistari kumi na moja, uzi wa buluu. Ule wa saba nimetumia uzi mwekundu kwa sababu ulikuwa na tabia yake. Haukuwa kwenye orodha. Ulikuja wenyewe asubuhi ya pili, katikati ya kioo, ndani ya kijisanduku cheupe, ukakaa muda wa kumaliza ubeti mmoja wa wimbo, kisha ukaondoka. Niliushika kichwani nikaushona haraka. Nikasema hii ni programu yenye aibu.

Sasa na mimi nina swali, na sitaki hadithi. Desemba ulikuja hapa na mkono wako umefungwa bendeji, ukaniambia ulianguka kwenye ngazi. Nililipokea hilo jibu kwa sababu ulikuwa unalia. Amekupiga? Andika ndiyo, au andika hapana.

Bibi


Mwanza
16 Julai 2025

Shikamoo Bibi,

Naomba uwe mzima. Naomba mlango uwe umefungwa.

Kitambaa kimefika. Nimekisoma chote, hukukosea hata herufi moja.

Mstari wa kwanza hadi wa tatu ni takataka: karata, mawingu na duka la viatu. Wa tano na wa sita zilikuja na kompyuta yenyewe, hazidhuru. Wa nane mpaka wa kumi na moja ni za kawaida, nyimbo zako zimo humo. Wa nne umejiita msaidizi wa printa. Bibi, sisi hatujawahi kuwa na printa. Huyo ndiye.

Wa saba si programu. Ni maneno ya mtu, kwa Kizungu. Yanasema: "Karibu nyumbani, mpenzi. Nimekuona."

Aliona orodha ikifunguliwa, akajua wewe huwezi kufika pale mwenyewe. Anaamini nimerudi, niko ndani ya nyumba, nimekaa pembeni ya jicho nakuelekeza. Ulikuwa unayashona maneno yake na yeye anakutazama.

Nimefunga mlango kwa kufuli, Bibi. Sikwenda kazini siku mbili.

Jibu lako ni ndiyo. Hakuna ngazi. Alinishika mkono akaukunja mpaka mfupa ukalia, kwa sababu nilicheka kwenye simu na mfanyakazi mwenzangu. Na haikuwa mara ya kwanza. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umefurahi sana siku ya ng'ombe.

Usiguse chochote tena. Nakuja. Nitapanda basi Ijumaa, tarehe mosi Agosti, nitaonana naye mchana mbele ya watu, ili akuache wewe. Akinipata mimi, hatakuwa na haja na nyumba yako.

Ihirwe


Nyamirambo
24 Julai 2025

Ihirwe,

Salamu baadaye. Ukipanda hilo basi nitakuja kulala mbele ya magurudumu yake pale mpakani Rusumo na goti langu hili. Umenisikia? Hii barua nimemsihi dereva mwenyewe aipeleke mkono kwa mkono. Kaa hapo hapo.

Amekuja. Jumapili, nimetoka misa, namkuta ameketi kwenye kibaraza changu.

"Bibi, uko peke yako?"

"Niko na Mungu na goti langu."

Akaingia kabla sijamkaribisha. Akatazama meza. "Vikombe viwili?"

"Kimoja cha chai, kimoja cha dawa. Unataka kunywa dawa ya wazee? Itakuharisha."

Akacheka. Ana kicheko kizuri, ndicho kilichonidanganya. Akaenda moja kwa moja chumbani kwako, akafungua kabati. Nikamuuliza anatafuta nini. "Waya wa umeme, Bibi, ule mweusi." Nikamwambia, "Tangu lini waya ukaishi kwenye nguo za msichana?" Alitoa sweta lako la kijani, akaliweka usoni, akalinusa. Akavuta pumzi muda mrefu, namtazama, kama mtu anayejaribu kujua nyama imelala siku ngapi. Kisha akalikunja vizuri, pindo juu ya pindo, akalirudisha. "Ameliosha," akasema. "Mwambie nilipita."

Mwana wangu, nimeona mambo mabaya katika maisha haya na sikukojoa. Siku hiyo kidogo nikojoe.

Sasa nikuambie na langu, maana wewe umeniambia lako. Ile programu ni mimi niliyeiingiza. Januari, wiki mbili baada ya wewe kuondoka, alikuja akasema kompyuta ina virusi. Kioo kikauliza kitu kwa Kizungu. Akasema, "Bibi, bonyeza wewe, nyumba ni yako, ruhusa ni yako." Nikafurahi! Mtu aliyesoma ananiomba mimi ruhusa. Nikabonyeza kwa kidole hiki ninachoshikia kalamu. Miezi yote nimekuwa nikikusifia mwenye kukuwinda, na mlango nimemfungulia mimi.

Kwa hiyo nitaitoa mimi. Sikiliza. Tarehe thelathini Agosti ni umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kuanzia saa mbili mpaka saa tano nchi nzima iko na majembe, hakuna pikipiki wala basi, barabarani anayetembea anasimamishwa aulizwe anakwenda wapi. Yeye yuko Kagugu ng'ambo ya mji. Hata akiona nimeing'oa, atakuja na nini? Atapaa? Wazee tumesamehewa kazi, mimi nitakuwa nyumbani. Nina saa tatu. Wewe una saa tatu hizo hizo za kubadilisha maneno yako ya siri na kufunga kila kilicho wazi.

Saa mbili ya Kigali ni saa tatu ya kwako. Usianze mapema ukaniharibia.

Niandikie hatua zake.
Bibi


Mwanza
9 Agosti 2025

Shikamoo Bibi,

Nimelia, kisha nikacheka kwa ajili ya magurudumu. Siji. Umeshinda.

Hukuiingiza wewe. Kidole kilikuwa chako, mkono ulikuwa wake.

Fungua orodha kama mwanzo. Tafuta msaidizi wa printa. Mwisho wa mstari wake kuna nukta tatu, zibonyeze. Litatokea neno refu linaloanza kwa U na kuishia kwa l mbili kama nguzo za goli. Bonyeza hilo. Litauliza tena, bonyeza tena. Kisha kioo chote kitaingia giza na kuuliza kwa mara ya tatu. Usiogope giza hilo, ni kompyuta inauliza ruhusa ya mwenye nyumba. Bonyeza upande wa kushoto. Akikuandikia ndani ya kijisanduku cheupe, usikitazame, endelea.

Ikishatoka, zima na kuwasha. Angalia tena orodha. Kama hayupo, hayupo.

Nitaketi hapa saa tatu yangu, simu mkononi. Naogopa, Bibi. Fanya tu.

Ihirwe


Nyamirambo
2 Septemba 2025

Ihirwe wangu,

Niko hai, viungo vyote vipo. Nimeanza na hilo ujue.

Jumamosi niliamka mapema, nikavaa gauni la kanisani. Saa mbili barabara ikanyamaza, nikasikia majembe huko chini kwenye mtaro. Nikaketi. Dirisha, gurudumu, lile neno ulilonichorea. Msaidizi wa printa huyo, amekaa kwenye mstari wa nne kama mgeni asiyeaga. Nukta tatu. Lile neno la nguzo za goli. Mara ya pili. Halafu giza likaja. Hata uliponiambia nisiogope niliogopa, kioo kilikuwa cheusi na sura yangu mwenyewe ikanitazama humo ndani. Na hapo ile taa ya jicho ikawaka. Alikuwa ananiona, Ihirwe. Mtu mmoja huko Kagugu ana jembe mkono mmoja na simu mkono mwingine, ananitazama.

Nikamtazama na mimi. Nikamwambia, "Kijana, hii ruhusa ilikuwa yangu. Naichukua." Nikabonyeza kushoto.

Taa ikazimika. Nikazima, nikawasha, nikahesabu orodha kwa kidole mara mbili. Hayupo. Basi nikatoa na karata, na mawingu, na yule mwanamke wa viatu, maana mkono ulikuwa umeshapata moto.

Kisha nikafanya jambo ulilonikataza. Uliniambia nisimwambie mtu. Nimeambia watu sitini.

Umuganda ulipokwisha kikao kilikaa barabarani mbele ya fundi cherehani, kama kawaida. Daphrose akauliza nani ana neno. Walizungumzia taka, wakazungumzia mbwa wa mtu. Nikasimama. Nikasema kila kitu, mkono wako, ruhusa yangu, sweta. Wapo walioinama. Mmoja akasema, "Bibi, huyo kijana ni mtu mzuri, labda umechanganya mambo ya mashine." Nikamwambia, "Mashine nimeichanganya leo asubuhi. Subiri umwone anakuja, na hakuna aliyemwita."

Hatukumaliza hata habari ya mbwa. Pikipiki ya kwanza kupanda mlima ilikuwa yake, buti zina tope, begi mgongoni. Akatusalimu wote vizuri.

"Bibi, nimekuja kuangalia kompyuta. Nimesikia imeharibika."

Daphrose akafunga daftari lake. "Umesikia kwa nani?"

"Bibi alinipigia."

"Mimi?" nikasema. "Namba yako hata sijui inaanzaje. Watu hawa wote wamekaa na mimi hapa. Nilikupigia kwa mdomo gani?"

Yule aliyesema nimechanganya mambo akatazama viatu vyake. Arnaud akatabasamu, akaliweka begi lake sawa mgongoni. Daphrose akawapigia askari hapo hapo. Walifika, wakaandika maelezo yake na yangu, wakamwambia arudi nyumbani angoje kuitwa tena. Kompyuta wameichukua. Wanasema kitu kilichofutwa kinaacha nyayo. Meza imebaki na alama ya mraba isiyo na vumbi.

Furaha iishie hapo sasa, maana nina neno la mwisho.

Kabla askari hawajafika alipita karibu yangu, akaniinamia kama mtu anayemuaga bibi yake. Akasema polepole, mimi tu nisikie: "Mwambie wa Mwanza avae sweta, ziwani kuna upepo."

Sikuwahi kulitamka Mwanza mbele yake. Nimekaa siku tatu nikitafuta. Ni barua yako ya kwanza kabisa, ile ya Machi. Niliisomea mezani. Na sisi tuliofundishwa kusoma uzeeni hatujui kusoma kimya, tunasoma kwa sauti, kidole chini ya neno. Nilisoma juu ya karatasi mpaka chini, na mji uliouandika, mara mbili kwa furaha. Ulinionya juu ya jicho. Hatukufikiria sikio.

Kwa hiyo anaujua mji. Zahanati sidhani, hukuitaja siku ile. Pengine tangu Julai alidhani umerudi huku ndiyo maana hakuja huko, na sasa, baada ya kuniona niko peke yangu, anajua hupo huku. Ni mimi niliyempa na hilo, nilipomfukuza.

Fungasha leo hii hii. Usiage mtu kazini, atakayekuuliza mwambie bibi yako anaumwa, si uongo. Nenda mji mwingine, nchi nyingine kama unaweza. Na mimi usiniambie ni wapi. Usiniandikie. Hata kwa Daphrose usiniandikie. Mimi najijua, nikilijua jina la mji wako nitalisema, nitalisema kwenye sala, nitalisema usingizini, nitalidarizi bila kujua. Nimeshamfungulia mlango mara mbili kwa mapenzi.

Hii barua anakuletea dereva yule yule. Umrudishe bila karatasi. Nitakwenda kituoni kumpokea, nitaangalia mikono yake. Ikiwa mitupu, nitakwenda nyumbani nikale.

Mimi niliyekulea,
Gahongayire